Mchezo wa Meno

Saa nne kasorobo usiku, juu ya paa la zege,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja,
kati ya kiuno cha Bi Mwanakheri na mabega ya sare za shule:
nyota zimetoka ndefu tena, kama punje za mchele.

Nyota hazina kosa.
Kosa liko kati yao na mimi,
na hapo kati pana vitu vingi.

Waya kwanza. Kila fundi huanza kumshuku waya.
Nimeufunga kwa uzi wa mkonge usining'inie,
usivute, usikwaruze mguu wa stendi.
Grafu ikatulia dakika mbili,
kisha mstari mwekundu ukapanda
kama nyusi za mtu aliyetajiwa bei.

Basi ni ncha.
Hapa Tanga ncha ya kusini ya mbingu
iko vidole vitatu tu juu ya upeo,
na kwangu mimi vidole vitatu
ni tangi la maji la kina Shekiondo.
Naikisia kwa mtelezo: nachagua nyota ya mashariki,
nasubiri, inashuka.
Nazungusha skrubu robo. Nasubiri. Inapanda.
Nusu ya hiyo robo.
Saa nzima nasogeza kitu
ambacho ukikitazama hakijasogea.

Lori la mawe limepita. Paa limetetemeka.
Nimefuta picha.

Saa sita umande umekaa kwenye kioo.
Saumu kavua soksi yake moja ya shule,
tukatia mchele uliopashwa moto, tukaifunga darubini shingoni.
Mchele nje, mchele kwenye picha.
Ameshika tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya pipi,
anaisoma grafu kwa sauti, kama imla:
"Imekwenda. Imerudi. Imekwenda. Imerudi, Baba, imepitiliza."

Imepitiliza.

Nikazima kila kitu, nikaweka mkono kwenye mhimili.
Ukilishika gurudumu la cherehani kwa vidole viwili,
ukalipeleka mbele kidogo na kulirudisha,
kuna mahali utasikia pasipo na kitu:
gurudumu linakwenda, sindano haina habari.
Sisi mafundi tunapaita mchezo.
Wateja hawapajui. Wanaona tu mshono umeruka.

Na mimi jioni nilikuwa nimepima mizani ya kujivunia,
huku gramu, kule gramu ile ile,
darubini imesimama hewani kama haijaguswa na mtu.
Kumbe ndiyo hiyo. Jino la gia halikuwa na pa kulala.
Kamera ndogo ikisema kushoto, mota inatii,
meno yanatafutana gizani,
na yakikutana amri imeshabadilika.

Nimesogeza uzito upana wa kidole.
Mashariki pazidi kidogo, jino liegemee upande mmoja
mpaka asubuhi, mota ipandishe tu.
Halafu kamera nikaipangia upya:
katika kila kosa unaloliona, sahihisha nusu.
Nusu nyingine ni hewa. Hewa ikicheza,
nyota haijahama.

Niliwahi kuishi na mtu
niliyekuwa nikimsahihisha kila sekunde mbili.
Yuko Muheza, mwaka wa pili sasa.

Saa nane na dakika kumi. Picha ya dakika tano.
Lile wingu jekundu karibu na mkia wa Akrabu
limekuja taratibu, kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe,
na nyota zake ni vitone, vitone kweli,
isipokuwa moja, pembeni kabisa, yenye kijimkia.
Nilishika skrubu. Nikaiachia.

Kesho sare ishirini na mbili, na vifungo havijafika.
Saumu kalala kwenye mkeka, tochi bado inawaka mkononi,
mguu mmoja una soksi.