Zamu

Ofisi ya mifereji, Nizwa, ghorofa ya pili.
Kiyoyozi kinakohoa. Nje jua la Julai
linachoma hata kivuli chake.
Nimekabidhiwa faili mia nne na kumi na moja
niziunganishe kabla ya Alhamisi.

Kwenye faili za maji, zamu
ni nusu saa ya mfereji kupita shambani kwa mtu.
Kwenye faili za walinzi, zamu
ni Sleyum kukaa getini toka magharibi hadi alfajiri.
Nilipozichanganya kienyeji
Sleyum alimwagilia mitende usiku kucha
na maji ya Bi Rayya yakalipwa mshahara.

Nikaandika mistari sita kwa ile lugha yenye jina la chatu:
fungua, tafuta kila zamu, hesabu.
Ikajibu: sifuri.
Nami naziona kwa macho yangu, zimejaa kama mchwa!
Nikauliza tena. Sifuri.

Haikusema uongo.
Niliita jina tupu
katika mji ambao kila mtu ana ukoo,
na mwenye jina hakuitika,
akidhani anaitwa mwingine.

Basi nikajifunza kusoma kizingiti kwanza.
Juu kabisa, kabla ya habari yoyote, faili hujitambulisha:
xmlns, nukta pacha, kifupisho, alama ya sawa,
kisha anwani ndefu kama nasaba.
Ukienda kubisha hodi kwenye anwani hiyo
huenda usikute mlango wala nyumba.
Haikuwekwa iendewe.
Imewekwa isifanane na nyingine.

Kifupisho ni jina la utani tu.
Faili za Bahla zinaandika f, za Izki mfr,
na za Birkat al-Mauz haziandiki kitu:
mzazi ametangaza mara moja pale juu,
watoto wote wamerithi kimyakimya.
Hao ndio walionijibu sifuri.

Nikaunda kitanzi kinachopita faili moja moja,
kikikuta tangazo, hata lililojibanza katikati,
kinaandika daftarini: huyu hujiita hivi, kwao ni kule.
Usiku wa tatu daftari lilikuwa na vifupisho kumi na tisa
na kwao mbili tu.

Nikacheka peke yangu.
Unguja waliniita Mmanga.
Nilipotua Maskati, kabla sijachukua sanduku,
nilikwishakuwa Mzanzibari.
Kifupisho kimoja kule, kingine huku,
na mstari wa juu
hakuna aliyeusoma.

Alhamisi, saa nane, Bi Thuwayba kasimama mlangoni:
"Imekwisha?"
Imebaki moja, nikamwambia, imetoka Adam,
ina anwani ya tatu, si ya maji wala ya walinzi.
Tukaifungua pamoja.
Zamu, tena. Ya kupika kahawa, ofisi zote za wilaya,
na jina langu, kamili, mpaka babu wa tatu,
tangu Jumapili.

Wiki nzima naitwa,
sikuitika.