Mkono wa Idi

Tangu Rajabu ninayo mapajani,
bafta nyeupe, kipimo cha kichwa cha kaka yangu,
michoro ya kalamu ya risasi imeshafifia kwa jasho la vidole.
Toboa, zungushia, kaza.
Toboa, zungushia, kaza.
Tundu moja dogo kuliko jicho la dagaa,
na hesabu ya matundu anayo Mola.

Dukani Utaani kofia zimejaa, za mashine,
zimepangwa mafungu kama visheti siniani,
elfu tano, chagua, vaa, ondoka.
Wifi yangu Raya kaniambia:
"Time, yakhe, macho unayaua bure.
Mbarouk mwenyewe hajui kofia na kawa."
Nikacheka. Nikatoboa jengine.

Kwa nini nisiseme kweli?
Sikushona kwa ajili ya Mbarouk peke yake.
Baada ya tarawehe, watoto wamelala,
uji wa pilipili manga umebaki kata moja chunguni,
taa ya kuchaji nimeiegesha juu ya kinu,
hapo ndipo siku yangu ilipokuwa ikianza.
Sindano ikiingia kitambaani hutoa mlio,
ti,
kama tone la kwanza la mvua kwenye kuti,
na mimi, mtu wa maneno, nikawa kimya,
kimya kilichonona.
Ua likitoka kombo nalifumua
wala siudhiki,
kwani kufumua ni kuongezewa usiku.
Kuna usiku nimeshona maua mawili.
Kuna usiku nusu ua, nikabaki nalitazama
kama mtu aliyepika mkate wa kumimina
akaogopa kuukata.

Tajiri mmoja alipita kutoka Chake,
akaishika, akaigeuza ndani nje
(ndani ndiko kofia inakosema kweli),
akasema elfu tisini, ikimalizika laki.
Laki, na karo ya shule inanidai!
Nikamwambia ina mwenyewe.
Usiku ule sikulala vizuri, nisijisifu.

Nilipiga hesabu ya thelathini.
Yamebaki maua matatu, ipo siku nzima, yatosha.
Mwezi haukunitaka ushauri.
Ishirini na tisa, baada ya isha, redio ya jirani ikakohoa:
umeonekana.
Mtaa mzima ukapasuka kwa vigelegele.
Nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti,
na moyoni, Mola anisamehe, nikasema "Ah!"

Asubuhi nikaenda Limbani na bakuli la bokoboko
na kofia katika leso, sindano ingali imo,
imelala kwenye ua la mwisho
kama mtoto aliyesinzia chuoni.
Mbarouk yuko mlangoni, kanzu mpya, kichwa wazi,
kaswali hivyo hivyo, akingoja,
mkono mmoja kauficha nyuma.
"Usicheke," akasema.
"Usicheke wewe," nikasema.
Alichokitoa ni mbuzi ya nazi, ya mfenesi,
manjano kama kiini cha yai la kienyeji,
kikalio nikakipapasa, laini kama shavu,
mguu mmoja umepigwa msasa ukang'ara,
wa pili bado una vibanzi vya kuchoma vidole.
"Mwezi," akasema.
"Mwezi," nikasema.

Tukala. Watoto wakaja kudai mkono wa Idi,
wakapata mia tano tano, wakazikimbilia pembea.
Baada ya adhuhuri tukatandika jamvi uani,
yeye na msasa wake, mimi na sindano yangu.
Kofia alishaivaa, kaenda nayo kisimani na kurudi,
majirani wameiona,
kisha kanikabidhi: "Malizia. Lakini taratibu."
Hatukuwa na mengi ya kusema.
Kwaru, kwaru, upande wake.
Ti, upande wangu.
Unga wa mfenesi ukaja kunitua kwenye bafta,
sikuupangusa.

Raya akatokea na birika la kahawa,
akashika kiuno:
"Idi yote hii, nyie mnafanya kazi?"
Hakuna aliyemjibu.
Jua lilikuwa lingali juu,
limebaki ua moja tu, na nusu yake nimeshashona.
Nikaliangalia.
Nikalifumua.