Usiuonee Huruma

Kilikuwa kijiti, si mti.
Urefu wa kalamu, kimeviringwa gazeti bichi.
Zuhena alikitoa kwa dada yake, Pangani,
akakishikilia mapajani njia nzima
kama mtu aliyebeba yai.
Akakichomeka nyuma ya jiko, hapa Mwambani,
pale ambapo jembe hugonga jiwe na kulia ti!
Nikamwambia: hapo hata nyasi zimekataa.
Akasema: mhina hauombi ruhusa kwa nyasi.

Miezi mitatu baadaye nikamzika.

Sijui bustani mimi.
Miaka thelathini na mmoja karakana ya reli:
najua nati iliyolegea kwa kuisikia tu,
najua breki ya behewa na grisi yake.
Jani likisema, silisikii.
Basi nikafanya nililoweza, nikamwagia maji.
Asubuhi kopo, adhuhuri kopo,
usiku, usingizi ukigoma, kopo jingine,
tochi nimeibana kwa meno.
Dumu shilingi mia tano kwa kijana wa mkokoteni;
nilikunywa chai nusu kikombe
ili wenyewe ushibe.

Nao ukaanza kugeuka manjano.
Jani moja. Kisha saba. Kisha nikaacha kuhesabu.

Bi Mkejina alikuja kurudisha ungo.
Akachuchumaa, akatia kidole udongoni hadi kifundoni,
akakinusa.
"Huu hauna kiu," akasema. "Huu unazama.
Mhina ni mti wa jua, bwana we, si mchicha.
Unaumwagilia au unaulilia?"
Sikumjibu.
Akajifuta kidole kwenye kanga.
"Usiuonee huruma. Uache utafute."

Uache utafute.
Maneno mepesi, ukiwa unaondoka.

Siku ya kwanza niliweka kopo juu ya kabati.
Siku ya nne nikalishusha,
nikalirudisha.
Wiki ya pili nilikuwa nautembelea usiku,
mikono nimeifunga nyuma kama mkaguzi.

Februari bomba lilikohoa, likatoa upepo, likanyamaza.
Mawaridi ya jirani yalikaukia kwenye makopo yao ya rangi.
Mpapai uliangusha watoto wake mmoja mmoja.
Na huku nyuma ya jiko, katikati ya mawe,
kitu kimoja kibichi, hakina habari na mtu.
Mzizi ulikwishaupata ufa
ambao jembe langu halikuwahi kuuona.

Mwaka wa tatu ukanifika kwapani, ukaota miiba
(miiba! hilo Zuhena hakuniambia),
na usiku mmoja wa Novemba nikaamka
nikidhani amefungua sanduku lake la nguo.
Niliketi kitandani
nikingoja mlio wa kufuli.

Ilikuwa maua.
Madogo, rangi ya maziwa yaliyolala,
mchana huwezi kumwonyesha mgeni ukajisifu.
Usiku harufu yake inapita dirishani
bila hodi.

Juzi amekuja Mwantumu, mjukuu wa Bi Mkejina,
na ungo uleule.
Harusi Ijumaa. "Babu, tunaomba majani.
Hina ya dukani wanatia dawa, inachoma."
Nikasimama na mkasi wangu wa kukatia bati,
maua yangali nchani.
"Kata!" Bi Mkejina akapaza sauti toka upenuni kwake.
"Ukikatwa ndipo unapozidi!"
Nikakata. Na kila tawi
nikaliomba radhi kimoyomoyo, mazoea mabaya.

Jioni wakaniletea bakuli, lina mabaki ya kijiko kimoja.
"Usimwage," wakasema, wakakimbilia ngoma.

Miaka na miaka Zuhena aliniomba
nitie ndevu hina, nifanane na watu.
Nami nikimjibu: mimi fundi, si bwana harusi.

Nimekaa kwenye kigoda.
Mhina umenyolewa, umerudi kuwa vijiti.
Kioo nimekiegemeza kwenye kopo la maji,
lile lile.
Kidole kimeshaingia bakulini.

Kumbe ni baridi.