Kipimo cha Vidole

Wiki ya kwanza Hoima hatukumgusa mgonjwa.
Mwalimu Kabahenda alitukalisha wawiliwawili, magoti kwa magoti,
akatazama saa yake: dakika tatu, asiseme mtu.
Othieno akacheka. Mimi nikakohoa, nikahesabu vigae.
"Mmeshindwa," akasema. "Kesho tena."

Wiki ya pili tukapika dawa,
ndivyo tulivyoita, kupika:
unga mweupe wa mofini, maji yaliyochemka yakapoa,
tone la rangi ya kijani, mtoto asije akadhani ni maji,
kisha ndani ya chupa za soda zilizooshwa,
lebo zake hazijabanduka vizuri.
Chupa ya harusi ya mtu, sasa ina usingizi wa mtu mwingine.

"Ngumi iliyofumbwa: hakuna maumivu.
Kidole kimoja: yapo, lakini nalala.
Vitano: niombeeni nife.
Usimhesabie. Ngoja avifungue mwenyewe."
Nikaandika. Kuandika najua.

Natoka Arua. Jina langu Draru.
Kwa Kilugbara, dra ni kifo;
nilizaliwa matanga ya kaka yangu hayajaanuliwa,
mama akaokota jina lililokuwa karibu.
Shuleni halikuniuma.
Lakini hapa,
mtu yuko safarini, anageuza shingo, anauliza:
Binti, waitwa nani?

Siku ya mtihani tulipanda bodaboda kuelekea Buseruka
juu ya lami iliyowekwa kwa ajili ya mafuta ya ardhini,
laini hata chupa mkobani haikutikisika,
kisha tukaiacha lami, tukafuata mihogo.
Mzee Nyendwoha.
"Napendwa na nani, ndiyo maana yake,"
Mwalimu aliniambia njiani. "Usimjibu."

Harufu ilitoka nje kutupokea.
Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha.
Mkewe alisimama kando kama mwenye deni;
tangu mavuno, hakuna jirani aliyeingia kula.
Nilijua la kufanya: vidonge visagwe,
unga unyunyizwe kidondani kama chumvi kwenye samaki,
pua usiizibe.
Nikafungua daftari, nikasoma swali la kwanza:
Mzee, maumivu yako ni vidole vingapi?

Mwalimu akanikanyaga mguu.

Kwa Wanyoro humwulizi mtu maumivu yake
kabla hujamwuliza empaako,
lile jina la kubembelezwa, la kusalimiwa nalo.
"Araali," akasema, kwa upande wa mdomo uliobaki.
"Na wewe?"
Nikasema kwetu hatuna. Nikasema Draru.
Akataka maana.
Nikampa.

Kimya.
Dakika tatu, pengine zaidi.
Sakafu ilisilibwa samadi, haina vigae.
Sikukohoa.

Bega lake likaanza kutetemeka. Nikadhani analia,
nikanyoosha mkono.
Alikuwa anacheka.
"Umewahi sana," akasema. "Hata mihogo haijaiva."
Kisha, kwa mkewe, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi:
"Huyu ni Abwoli. Sinyweshwi dawa na Kifo
nyumbani kwangu mwenyewe."

Ndipo mkono ukafunguka juu ya shuka,
vidole vinne, na cha gumba kikasita,
kikatoka nacho.

Mililita tano. Tukangoja.
Mkewe akaleta karanga; Othieno akala zote, sikumlaumu.
Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.
Gumba likajikunja. Baadaye sana, kidole cha mwisho.
Viwili vilikuwa bado vimesimama tulipoaga,
na hivyo viwili sina dawa yake;
kimoja nadhani ni mwanawe wa Kampala asiyepokea simu.

Kwenye karatasi ya alama Mwalimu aliandika:
Alichelewa kuuliza jina. Alikaa.

Nami nikaandika kwenye chupa:
Araali. Kila baada ya saa nne.
Usiku dozi mbili pamoja, ili alale, na mkewe alale.
Chini, penye jina la mhudumu,
kalamu ikasimama.