Makato

Saa kumi alfajiri, mjini Oulu,
baridi digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Greda yangu inakohoa mara tatu ndipo ikubali.
Naanza na njia za baiskeli, barabara za magari baadaye;
ndivyo manispaa ilivyoamua, nami sina neno.
Theluji inajikunja mbele ya bapa
kama kitambaa mbele ya mkasi,
na nyuma yangu njia inabaki imenyooka
bila mtu wa kuniambia ahsante.

Mfukoni nina hati ya mshahara wa Januari.
Nimeikunja mara nne
kana kwamba tarakimu zikibanwa zitazaana.
Juu kiasi kimoja, chini kiasi kingine,
katikati, penye neno makato,
shimo la kumeza gari dogo.

Jumapili Urpo, shemeji yangu, alikuja kula samaki.
Ana karakana ya injini za boti na vijana watatu wa kuwalipa.
"Wanataka kuongeza tena," akasema. "Nusu asilimia."
"Nusu asilimia ya nini?" mama akauliza.
"Ya jasho langu,"
akakamua limau mpaka mbegu zikaruka mezani.

Nikamtajia maktaba, ghorofa ya pili,
penye cherehani sita anazotumia yeyote bila senti.
"Sijashona maishani mwangu."
"Suruali uliyovaa," dada akasema, "niliipinda pale."
Tukacheka, hata yeye, nusu.
Lakini Urpo si mjinga, na kisu chake hukichomoa mwisho:
"Na nyonga ya mama?"

Miezi saba kwenye orodha.
Kila asubuhi anashuka ngazi kinyumenyume
akihesabu kwa sauti.
Nikaanza kueleza kwamba mfuko wa hospitali si mfuko wa manispaa,
kwamba huu una mwenyewe na ule una mwenyewe.
"Maumivu hayasomi bajeti," mama akasema,
akaomba chumvi.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila aliyeshika kibaba ndiye aliyenunua ile sanamu ya chuma
mbele ya soko. Wanasema ni ndege.
Mimi kila nikipita naona kopo lililokanyagwa na trekta,
na nimelilipia bawa, au ukucha, sijui.

Binamu yetu Jouni alihamia Marekani, jangwani,
jimbo lisilogusa mshahara wa mtu.
Huku hakuna makato, aliandika,
kuna ada. Ada ya lango, ada ya taka,
ada ya mlinzi, ada ya shule yenye walimu wa kutosha,
ada ya chama kinachopima urefu wa nyasi zako.
Hakuwa akilalamika. Juzi ametuma picha:
yumo bwawani kwake, kifua wazi,
mwekundu kama samaki wa kuoka, anacheka.
Niliitazama muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Kwa hiyo usiniulize kama mji huu ni bora kwa sababu ya makato.
Ninachojua ni kwamba saa kumi na moja na nusu
mwanga mmoja unatoka gizani ukitikisika,
unakua, unakuwa baiskeli,
na juu yake muuguzi wa zamu ya usiku,
kope zake zimeota barafu.
Anapita pale nilipokwangua dakika tano zilizopita
bila kuteleza, bila kufikiri.
Labda ndicho nilichonunua mwezi huu:
kule kutofikiri kwake.

Mwisho, mtaa wa Urpo.
Taa ya jikoni inawaka, yuko dirishani.
Kwa kanuni napita mara moja tu;
tuta linalobaki langoni ni la mwenye nyumba na sepeto lake.
Narudi nyuma. Nashusha bapa.
Nalisomba lote.
Ananyanyua kikombe.
Sijui kama ananisalimu
au anahesabu dizeli.