Kishungi cha Kijani

Nina Dudko mia mbili na kumi na saba.
Wa mpira, wa bati, wa kaure yenye ufa,
Dudko kopo la kakao, kakao ingali ndani,
imegeuka jiwe tangu mwaka wa sabini na nne.
Mke wangu, Halszka, aliwahesabu mara moja tu,
kisha akahamishia cherehani yake jikoni
bila neno.

Kwa msiomjua: Dudko ni hudihudi wa katuni.
Saa moja kamili jioni, kabla ya taarifa ya habari,
alitua kwenye televisheni, kishungi kimesimama
kama kidole cha mwalimu,
akatumbukia kwenye ndoo, akatoka, akacheka.
Ni hayo tu. Dakika saba.
Lakini kwa dakika hizo jiji la Łódź,
na moshi wake, na foleni zake za nyama,
lilikaa kitako.

Kishungi ni chekundu. Tulikijua vitabuni;
kwenye televisheni zetu kilikuwa kijivu kama kila kitu.
Chekundu kwa wote, ila kundi moja, watu husema,
la kiwanda cha mpira cha Pabianice:
hao walitoka na kishungi cha kijani.
Gracjan wa Poznań, anayevaa glavu kumshika Dudko wake
kama mkunga, aliniambia hayupo hata mmoja.
"Unafukuza upepo."
Nikaufukuza miaka kumi na tisa.

Jumapili ya Februari, baridi ya kukausha mate,
gulioni nyuma ya kituo cha treni,
kati ya pasi za makaa na medali za vita vya watu wengine,
alikuwa amelala chali ndani ya boksi la viatu.
Kijani. Kijani cha njegere za kopo.
Na ubavuni alama za meno: matatu juu, mawili chini.

Nilijifanya naulizia pasi.
Muuzaji, mzee Ireneusz wa Radom,
alinipima kutoka kofia hadi soli.
"Pasi huitaki," akasema.
Nikakohoa. Nikasema kilichotafunwa hushuka nusu ya bei.
Akasema kilichotafunwa kilipendwa,
na mapenzi hayana punguzo.
Zloti elfu moja na mia mbili.
Pesa ya dirisha la jikoni. Halszka, nisamehe.

Nilipitia kwa mama kwanza.
Mama Genowefa ana miaka themanini na minane;
alipaka rangi Pabianice, benchi la tatu, macho na vishungi.
Miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumuuliza.
Naipekua nyumba nzima, kumbe sindano nimeikalia.

Akamgeuza. Akamnusa.
"Nyekundu iliisha Alhamisi," akasema.
"Msimamizi akatuambia pakeni iliyopo.
Nikakuletea mmoja, ulikuwa na surua.
Ukamng'ata, ukamtupa ukutani,
ukalia hadi usiku: si Dudko, si Dudko.
Nikampa mtoto wa jirani, wale waliohamia..."
Akanyamaza, akilitafuta jina la mji
kama mtu anayepapasa kifungo chini ya kitanda.
"Kule," akasema. "Kule walikohamia."

Ningeweza kumtajia Radom.
Niliogopa angekataa. Niliogopa zaidi angekubali.

Usiku, Halszka akiwa amelala au amejifanya,
nilifungua kabati la kioo
nikamtia mdomoni, mimi, mhasibu mstaafu,
nione kama meno yatayajua mashimo yao.
Hayakuyajua. Ni ya bandia, ya mwaka juzi,
hayana wanachokumbuka.
Ila mpira ule ulikuwa na chumvi kidogo, vumbi, rangi,
na ulimi wangu,
mzee pekee aliyebaki humo ndani,
ulisita.