Maziwa Hayakupata Habari

Daktari Emőke, mimi si msomi.
Miaka thelathini na moja nafagia vizimba
katika jengo hili la Szeged, ghorofa ya chini,
namwaga vumbi la mbao, naweka jipya,
nawajua panya wako kwa mikia kabla ya namba.

Usiku ule uliniita nishike taa.
Panya wa kumi na nne, mwali, hajaona dume,
kichwani ana kibomba chembamba kama sindano ya hariri.
Ukampa tone. Wala si tone, chozi la sisimizi,
la peptidi yenye jina refu
nililolisahau kabla sijafika mlangoni.

Kisha ukanichorea nyuma ya bahasha:
hapa, chini ya ubongo, wameketi mabawabu,
seli zinazodondosha dopamini
mchana kutwa, usiku kucha,
zikiiambia tezi inayoning'inia kama cheri:
Bado. Bado. Bado.
Kazi yao yote ni neno hilo.
Kichanga akinyonya, habari hupanda uti wa mgongo,
peptidi huingia kama jirani mwenye umbea mtamu,
huwashika mabawabu mkono, huwasahaulisha zamu,
na neno likishakatika
prolaktini hujimwaga damuni.

"Kumbe maziwa hayaamrishwi," nikasema,
"huachiliwa tu."
Ulicheka. Ukaandika saa: nane na dakika kumi.

Siku ya sita ya sindano ulikwenda kulala.
Mimi nikaona usichokiandika:
mwali wako akachomoa pamba kwenye glavu yangu,
nyuzi kwa nyuzi, akaipeleka pembeni,
akakiburura kizibo cha chupa ya divai
nilichokuwa nimekiangusha,
akakilalia.
Akanitazama kama mwenye mtoto anavyomtazama mgeni.

Daktari, mwaka ule Tisza ilipoganda
Etelka wangu alijifungua mtoto asiyelia.
Walitupa karatasi ya kutia sahihi.
Siku ya tatu, nyumbani,
maziwa yakaja.
Yakalowesha gauni, shuka, godoro,
yakaja saa za mtoto, usiku wa manane,
mazuri, mazito, hayana mnywaji.
Tukambandika majani ya kabeji,
tukamfunga kwa skafu yangu mpaka akashindwa kupumua.
Nikasema neno ambalo hata leo
silisemi mbele ya mtu:
nikamwambia mwili wako hauna haya.

Hakunijibu. Alinyanyua ndoo akaenda kumwaga.

Hapakuwa na mtu wa kutuchorea bahasha,
wa kutuambia mabawabu walikuwa wameshaketishwa
tangu mwezi wa nane, mlango wazi,
na hakuna aliyetumwa kuwaamsha.
Maziwa hayakupata habari ya msiba.
Ni hilo tu. Si haya, si laana.
Hayakupata habari.

Nilimpelekea Etelka bahasha yako.
Alikuwa anamenya viazi. Akafuta mikono, akavaa miwani,
akaigeuza kwanza upande wa anwani:
"Hii si ya bili ya umeme?"
Nikamweleza, nikiruka majina, nikirudia mabawabu.
Akakaa kimya mpaka sufuria ikafurika.
Halafu, kidole juu ya mchoro wako, akauliza:
"Na wangu, walirudi lini?"

Sikujua. Wewe utajua.

Jumatatu ni zamu ya kumi na nne, nimeona kwenye ratiba.
Nimesafisha vizimba vyote.
Kile cha kwake sikukigusa.
Kizibo kimo.